Macho Hayana Pazia, Lakini Yana Deni

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwa kawaida methali hii hutumika kumtetea mtu aliyeona jambo ambalo pengine hakupaswa kuliona: macho yako wazi, nayo hayawezi kulaumiwa kwa kuona. Katika insha hii ninakusudia kuuliza kama utetezi huo unamtosha msafiri. Ninamzungumzia msafiri wa aina moja tu, yule anayekwenda peke yake, kwa hiari yake, kwa siku chache, mahali penye historia, ili atazame. Hakwenda kuzika wala kuoza, hakwenda kuuza wala kununua. Amekwenda kuona, kisha ataondoka. Je, mtu huyu anadaiwa chochote na watu wa mahali alipopatazama? Na kama anadaiwa, deni hilo hulipwa vipi?

Swali hili linasumbua hata miji mikubwa ya dunia. Mji wa Venice, nchini Italia, ulianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku maalumu zenye msongamano. Wakazi wa sehemu ya kale ya mji huo wamepungua hadi chini ya 50,000, huku watazamaji wakimiminika kila mwaka kwa mamilioni. Kwa hatua hiyo Venice imetoa jibu lake: ndiyo, mtazamaji anadaiwa, na deni lake ni la fedha. Mimi sijafika Venice. Nilichonacho ni siku nne nilizokaa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wakati wa likizo, nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili niliyezaliwa na kukulia mashariki mwa nchi hiyohiyo. Nitazitumia siku hizo kupima jibu la Venice, na nitajaribu kuonyesha kwamba halitoshi.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi kutalii kimetufikia kutoka Kiarabu, na zamani kilibeba maana ya kuchunguza na kudurusu, kama mtu anavyodurusu kitabu. Leo tukisema mtalii, tunamfikiria mtu mwenye kofia na kamera. Maana ya kusoma imefifia, maana ya kutembea na kutazama imebaki. Naona badiliko hili si la kamusi tu. Anayesoma kitabu anaweza kuulizwa amesoma nini, na akikosea atasahihishwa. Anayetazama tu hana wa kumuuliza.

Mji wa Kasese uko chini ya milima ya Rwenzori, kwenye uwanda wenye joto kali. Mji huu ulikuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe, ulio bondeni kilomita chache kutoka mjini. Mgodi ulisimama miaka ya mwanzo ya 1980, na treni nazo zikaacha kuja. Anayetaka kuona historia kwa macho ataridhika Kilembe: nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu, vyuma vilivyoota kutu, na mto Nyamwamba uliojaa mawe makubwa kama vibanda. Mawe hayo yaliletwa na maji. Mto ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabomoa nyumba, madaraja na hospitali.

Nilikuwa nimesimama kando ya mto nikiyatazama mawe hayo, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akaniita. Alizungumza Kiswahili safi, akaniambia alijifunza mgodini, ambako watu wa makabila mengi walikutana na kuhitaji lugha moja.

"Binti, umekuja kutuandika au kututazama?"

Nilimwomba anieleze tofauti. Akasema baada ya mafuriko walikuja watu wengi wenye madaftari, wakaandika majina, kwa hiyo akimwona mgeni mwenye daftari huuliza kwanza. Nikamjibu kwamba mimi ni mwanafunzi, nimekuja kutazama tu, shikamoo yake. Akacheka, akaitikia salamu, kisha akasema: "Kama ni kutazama, tazama. Lakini ukifika kwenu utasema nini?"

Nadhani katika swali hilo la mzee mna falsafa nzima ya jambo ninalolijadili. Hakunikataza kutazama, wala hakunidai fedha. Alinikumbusha kwamba kutazama hakuishii machoni. Mtu akirudi kwao husimulia, na masimulizi yake huwafikia watu ambao hawatafika Kilembe maisha yao yote. Kwa watu hao, Kilembe itakuwa ile niliyoisema mimi.

Ushahidi wa nguvu hiyo uko juu ya kichwa cha mzee yule, katika milima yenyewe. Kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, chenye mita 5,109, kinaitwa Margherita. Margherita alikuwa malkia wa Italia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Savoia. Walipanda, wakapima, wakapiga picha nzuri sana, wakaondoka. Wakonzo, ambao wameishi kwenye miteremko hiyo kwa vizazi vingi, walikuwa na majina yao na imani zao kuhusu theluji. Walikuwa na Kitasamba, mwenye mlima, na Nzururu, ambaye jina lake linasikika hadi leo katika jina la ufalme wao wa Rwenzururu. Lakini ramani zinasema Margherita. Mgeni alikaa kwa muda mfupi, na neno lake limekaa zaidi ya miaka mia moja. Simwiti mtawala yule mwizi, kwani mlima hakuuondoa mahali pake. Ninachosema ni kwamba haiwezekani kudai kuwa kutazama hakubadilishi kitu.

Siku ya tatu niliteremka kusini. Karibu na Kikorongo barabara inakata ikweta, na hapo wasafiri husimama kupiga picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Nami nilisimama. Mahali hapa pananisaidia kuweka mpaka wa hoja yangu. Ikweta haimdai mtu chochote, kwa sababu ni mstari uliochorwa na hesabu. Haina jina la kupotoshwa wala aibu ya kutangazwa. Ikiwa kutazama kote kungekuwa hivi, methali ya wahenga ingetosha na insha hii isingekuwa na kazi.

Kutoka hapo nilikwenda Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililo ndani ya kreta. Watu huvuna chumvi hapo tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu. Wanaume huingia majini na kuvunja mabamba ya chumvi kutoka chini ya ziwa, na wengi wa wanaohudumia vidimbwi vya ukingoni ni wanawake. Maji hayo hula ngozi. Kiwanda kilichowahi kujengwa karibu na hapo ili kurahisisha kazi kilishindwa, mabomba yake yakaliwa na chumvi ileile, na leo magofu yake ni sehemu ya matembezi. Kwa mbali, vidimbwi vile ni vizuri kupindukia, vingine vya waridi, vingine vya kahawia, vingine vyeupe. Nilitoa simu na kumwomba mama mmoja ruhusa ya kupiga picha.

"Chumvi piga," alisema. "Mimi usinipige."

Nikauliza kwa nini, kwa heshima. Akajibu: "Picha yangu ikienda, mimi sijui imekwenda kwa nani."

Mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag, katika kitabu chake On Photography cha mwaka 1977, alitoa hoja kwamba kupiga picha ni namna ya kukimiliki kinachopigwa. Mama wa Katwe hakuhitaji kitabu kufika hapo. Hata lugha yetu inamuunga mkono: picha tunaipiga, na wakati mwingine tunaichukua. Lakini naona mama yule aliongeza jambo. Hakusema picha ni mbaya. Alisema hajui inakwenda kwa nani. Kilichomsumbua ni kwamba uso wake ungesafiri hadi mahali ambapo yeye hawezi kuufuata wala kuusemea. Angetazamwa na watu asioweza kuwajibu.

Hapa sina budi kueleza kwamba siku zote nne mimi pia nilitazamwa. Msichana anayesafiri peke yake hutazamwa sana. Kwenye basi, kwenye nyumba ya wageni, kwenye kibanda cha chapati, niliulizwa maswali yaleyale: Dada, unatoka wapi? Umekuja kwa nani? Mbona uko peke yako? Nani anakungoja kwenu? Yalinichosha, na jioni moja nilikula chumbani ili nisiulizwe tena. Lakini nikiyafikiria sasa, naona kwamba maswali hayo yalikuwa na haki yake. Wenyeji walikuwa wakinifanyia kile ambacho nilikuwa nikikifanya kwao, ila wao walikifanya kwa uwazi. Mimi nilitazama nyumba zao kimya kimya nikaandika daftarini. Wao walinitazama usoni, wakauliza, wakasubiri jibu. Zaidi ya hayo, kama ningetaka kumjua aliyeniuliza, ningemkuta kesho yake palepale. Yeye asingenikuta.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa deni. Mtazamaji na mtazamwa wote wana macho. Wanatofautiana kwa kuwa mmoja anaondoka.

Siku ya mwisho nilifika Bwera, na kutoka Bwera nikaenda Mpondwe, mpakani na Kongo. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Upande wa pili ni Kasindi. Ilikuwa siku ya soko, na watu walivuka na mafurushi ya vitenge, maharagwe, samaki na mafuta ya mawese. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanaelewana kwa lugha yao, na wasioijua wanatumia Kiswahili. Kwa mtu aliyekulia kwingineko nchini, jambo hili linashangaza. Katika sehemu nyingi za Uganda Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya mwanajeshi anayetoa amri. Hapa nilikisikia kikipunguza bei ya nyanya.

Nje ya Uganda, wengi wanaolijua jina la Bwera hawakulipata kwa sababu ya nyanya. Juni 2019 jina hilo lilisikika duniani kwa sababu mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola, akafia katika hospitali ya hapo. Kisha, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo kamera zilikuja, zikaondoka. Mahali kama hapa hutazamwa panapokufa, na panapoishi hakuna anayegeuza shingo.

Dereva wa bodaboda aliyenichukua aliniambia: "Dada, wageni wengine huomba wapelekwe kwenye ile shule. Nikupeleke?"

Hakuna aliyekuwa akinizuia. Nilikuwa na sababu za kwenda, na si za kipuuzi. Waliouawa walikuwa wanafunzi, na mimi ni mwanafunzi. Wengine tungeweza kukutana chuoni. Kukataa kutazama kunaweza kuwa njia ya kusahau, na kusahau ni dhuluma ya pili. Lakini nilijiuliza: nikifika langoni nitafanya nini? Kwetu mtu haendi matangani kutazama nyumba. Anawaendea watu. Anasema poleni, anaketi, anakula kilichopikwa, anatoa rambirambi, na waliofiwa wanaujua uso wake. Anayesimama barabarani akichungulia matanga kupitia dirishani hawezi kusema amekuja kuzika. Pale sikuwa na mtu wa kumwambia pole. Ningetazama ukuta, nikaondoka na hadithi ya kwamba nilifika. Nilimjibu hapana, twende tunywe chai.

Kwenye chai ndipo yeye mwenyewe alipoanza kusimulia usiku ule, bila kuulizwa. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Aliyoyasema siyaandiki hapa, kwa kuwa aliniambia mimi, hakuwaambia wasomaji wa insha.

Najua kuna pingamizi dhidi ya mwelekeo huu, na kubwa zaidi ni hili. Kama tungesubiri ruhusa kila mara, maovu mengi yasingejulikana. Novemba 2016 vikosi vya serikali vilishambulia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 waliuawa katika machafuko ya siku zile. Je, aliyetazama siku ile na kupiga picha alipaswa kuomba ruhusa? Kwa nani? Pingamizi hili ni zito, na jibu langu ni kwamba tunapaswa kutofautisha shahidi na mtazamaji. Shahidi naye hutazama, tena mara nyingi bila idhini. Lakini shahidi anaweza kuitwa. Atasimama mbele ya watu, ataulizwa aliona nini, alikuwa wapi, anajuaje, na akisema uongo atawajibika. Idhini anayoihitaji haitoki kwa mwenye nguvu aliyetenda. Inatoka kwa aliyetendewa, na anaipata kwa kuwa tayari kubaki na neno lake. Mtazamaji haitwi popote. Yeye ameona, basi.

Pingamizi la pili ni lile la Venice: mtalii analeta fedha, na fedha zinatosha. Ni kweli zinahitajika, na asiyetaka kulipa kiongozi wa Katwe asitoe hotuba kuhusu utu. Lakini fedha zangu zililipia chumba, chai na safari. Kila moja ya hizo ilikuwa na bei na ikaisha. Kumwona mama kazini hakukuwa kwenye orodha ya bei, na mama mwenyewe alionyesha kwamba hakuuzi.

La tatu husema kwamba nikidai mengi hivi nitaua safari, na kijana asiyetembea hubaki na ujinga wa kwao. Mimi mwenyewe natoka mashariki na nisingejua lolote kuhusu Wakonzo kama nisingepanda basi lile. Lakini deni si marufuku. Watu hukopa kila siku na maisha yanaendelea. Kinachoharibu ujirani ni kukopa huku ukijifanya umepewa bure. Mama wa Katwe hakunifukuza. Alinichorea mstari, nami nikaendelea kutazama nikiwa upande wangu wa mstari huo.

Kwa kuhitimisha, nirudi kwenye methali nyingine tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama heshima. Mgeni aliyepewa jembe anakuwa na tuta lake, na tuta hilo linaweza kukaguliwa. Ameingia katika hesabu ya watu wa nyumba. Msafiri wa siku nne hana muda wa kulima, lakini jembe lake analo, nalo ni ile simulizi atakayoitoa akirudi. Akilima vibaya, watakaovuna magugu ni wenyeji.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba msafiri anadaiwa kuwa mtu anayeweza kuulizwa. Kipimo chake ni rahisi kukitaja, japo kukitimiza ni kazi: je, ningeweza kuyasoma haya niliyoyaandika mbele ya wale ninaowaandika, kwa lugha wanayoielewa, nao wakawa na nafasi ya kunikatiza? Mzee wa Kilembe anajua Kiswahili. Mama wa Katwe anakijua, na dereva wa Mpondwe pia. Hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya niyaandike haya kwa lugha hii, ili yeyote kati yao akiyapata aweze kusema, "Binti, hapa umekosea," na mimi niwe na wajibu wa kumjibu.